Kimeu Mchosha Askari

Ndugu yangu Kimeu ana kazi mbili. Ya kwanza ni kuwachosha watu wasiokuwepo, na hiyo analipwa. Ya pili ni kumpumzisha mama yetu, na hiyo hata ukitangaza mshahara hapa Nunguni hutapata mtu wa kuiomba, kwa sababu kila mtu anamjua mama yetu.

Mimi ni Mwongeli, dada yake mkubwa. Nina duka la misumari, simenti na mabati kando ya barabara ya soko. Kimeu aliporudi nyumbani kutoka Nairobi mwaka jana, wateja walikuwa wakipimiwa misumari huku wakiniuliza, "Na huyo ndugu yako anafanya kazi gani hasa?" Niliwajibu kwamba ni mambo ya kompyuta. Jibu hilo huwanyamazisha wengi, lakini halikumnyamazisha Mzee Kaloki, jirani yetu mwenye miaka sabini na mmoja, ambaye hapendi kwenda nyumbani na habari nusu. Alisimama pale kaunta mpaka nikamweleza. Kuna gemu za vita, nikamwambia, mtu anazicheza kwenye kompyuta. Anamwongoza mwanajeshi akimbie, apande mlima, alenge bunduki. Sasa mwanajeshi huyo akikimbia lazima achoke, maana asipochoka mchezo unakosa utamu. Kimeu ndiye anayeamua atachoka lini, atachoka kiasi gani, na akae muda gani kabla ya kukimbia tena.

Kaloki alifikiri kidogo. "Kwa hivyo yeye anakaa kwa kiti mchana kutwa, ndio mtu mwingine achoke."

"Ndiyo, mzee."

"Hiyo ni kazi ya mkubwa," akasema, akachukua misumari yake akaenda.

Kimeu ana miaka thelathini na minne. Ni mrefu, mkimya, na akifikiri jambo husahau chai mpaka inafanya utando. Ugonjwa wake na gemu ulianza zamani, nyuma ya posho mill ya hapa sokoni, kile kinu cha unga, ambako jamaa mmoja alikuwa na televisheni na watoto walipanga foleni kucheza. Wenzake walirudi nyumbani wakilalamika kwamba wameshindwa. Kimeu alirudi akilalamika kwamba askari amekimbia kutoka asubuhi mpaka jioni na hajaomba maji. "Hata mbwa wa Kaloki akikimbia hutoa ulimi," aliniambia siku moja, akiwa amekasirika kabisa, na mimi nikamwambia aende akachunge mbuzi. Sikujua namtukana mtu na kazi yake ya baadaye.

Alisomea kompyuta, akakaa Nairobi miaka tisa akitengeneza programu za hospitali. Angekuwa huko mpaka leo kama mama hangeanguka.

Mama yetu ni Nduku. Alizaliwa Tulia, kule Kitui, mahali ambapo wakati wa usichana wake maji yalikuwa safari ya nusu siku, akaolewa huku kwetu milimani kwenye ukungu na kabichi. Baba alifariki tukiwa wadogo. Mama alitulea kwa jembe na kwa sauti. Nasema sauti kwa sababu yeye ndiye ngui wa mwethya wetu. Mwethya ni kundi la majirani wanaolimiana kwa zamu kila Jumamosi: shamba la huyu likiisha, wanahamia la yule. Kazi kubwa ni kuchimba matuta ya fanya juu, yaani unachimba mtaro kukata mlima, na udongo wote unaurusha upande wa juu. Kurusha udongo juu saa tatu mfululizo si jambo la kuelezwa, ni la kuulizwa mgongo. Ndiyo maana kunakuwa na ngui, mtu wa kuanzisha wimbo. Yeye anaita, wengine wanaitikia, na majembe yanaanguka pamoja.

Basi mwaka jana, katikati ya wimbo, mama alianguka. Alizinduka kabla hatujamfikisha barabarani, akauliza nani amebaki na jembe lake. Daktari alipima presha, akatikisa kichwa, akatoa dawa. Kisha akatoa amri moja, na mimi nilikuwepo: asiache kazi, kazi ni nzuri kwake, lakini akichoka apumzike.

Amri hiyo mama aliishika kwa uaminifu wote. Tatizo ni kwamba hachoki. Muulize saa yoyote. "Mwaitu, umechoka?" "Nichoke na nini?" Mwaitu ndiyo mama kwa Kikamba, na kwetu mwaitu habishiwi. Kwa hivyo wiki iliyofuata alikuwa mtaroni, akiimba.

Kimeu alikuja nyumbani kwa siku tatu, akaona hali, akakataa kuondoka. Mimi nina duka na watoto wanne. Siwezi kumlinda mama kila Jumamosi. Lakini yeye naye hangeweza kuishi kwa ukungu. Ndipo akapata kazi hii, kazi ya kufanyia popote penye mtandao. Bosi wake ni mwanamke anayeitwa Bilan, mtoto wa wafanyabiashara wa mifugo wa Garissa, mwenye kampuni ndogo ya gemu Nairobi. Alimpa miezi mitatu ya majaribio. Akifaulu, anaajiriwa na anakaa Nunguni. Asipofaulu, anarudi Nairobi kwa programu za hospitali, na mama anabaki na amri ya daktari peke yake. Hapo ndipo tulipokuwa.

Nilimwuliza Kimeu anieleze kazi yenyewe kama anavyoweza kumweleza muuza simenti. Akanionyesha askari kwenye laptopu. Chini ya askari kulikuwa na mstari wa kijani. Akikimbia, mstari unapungua. Ukiisha, anatembea akihema. Akisimama sekunde kumi, mstari unajaa tena kama hakuna kilichotokea. "Gemu nyingi ziko hivi," akasema. "Sekunde kumi, na mtu ni mpya."

"Ningependa kuwa huyo," nikamwambia.

Akaniambia hapo ndipo kosa lilipo, maana kuchoka ni mambo mawili. Kuna pumzi, ambayo inaisha haraka na kurudi haraka. Halafu kuna uchovu wenyewe, ule unaoingia polepole kwa sababu ya mzigo, mlima, jua na njaa, na huo hauondoki kwa kusimama. Huo unaula mstari kutoka mwisho wake: asubuhi unajaa wote, adhuhuri unajaa nusu tu hata ukipumzika. Mkono unatetemeka ukilenga. Mguu unakosea jiwe. Bilan alitaka mchezo wa kikosi cha watu sita wanaovuka milima kwa miguu, na alitaka wachoke jinsi watu wanavyochoka, si jinsi betri inavyoisha. Kwa hivyo Kimeu alihitaji vipimo vya watu halisi wanaofanya kazi halisi mlimani.

Akaangalia nje ya dirisha. Watu hao walikuwa wakipita na majembe.

Lazima nimtetee ndugu yangu hapa kabla sijamcheka. Mtu angesema aliutumia mwethya ili apate kazi. Mimi najua alikuwa na lengo lingine: alitaka namba za mama. Alifikiri akimwonyesha mama kwa namba kwamba amechoka, mama atakaa chini. Aliamini namba, maskini.

Jumamosi tatu mfululizo alikwenda na mwethya kwenye shamba la Kalunde, mjane anayepakana nasi kwa chini. Alikuwa na saa za kuvaa mkononi za kupima mapigo ya moyo, akamvalisha mama na wenzake wanane. Alirekodi sauti pia, ili ajue baadaye kila kitu kilitokea dakika gani. Na kila nusu saa alipita mtaroni na daftari, akiwauliza mmoja mmoja kwa heshima: kutoka sufuri mpaka kumi, umechoka kiasi gani?

"Sufuri," akasema Kalunde.

"Mimi bado sijaanza," akasema Kaloki, aliyekuwa ameloa jasho mpaka mshipi.

Mama alipofikiwa alimwangalia mwanawe na daftari lake, akamhurumia. "Andika moja," akasema. "Usirudi nyumbani mikono mitupu."

Saa tatu za kuchimba, Jumamosi tatu, na jibu kubwa kuliko yote katika daftari lilikuwa mbili, la mwanamume aliyekuwa na jino bovu. Saa za mkononi zilisema mengine kabisa. Zilisema moyo wa mama unakwenda mbio kama wa mtu anayekimbizwa. Sasa Kimeu afanye nini? Saa inasema hivi, mwaitu anasema vile. Mtoto aliyelelewa vizuri haamini saa dhidi ya mama yake. Akaamua saa ni mbovu, akafuta vipimo vyake, akaingiza kwenye gemu majibu ya midomo.

Wiki mbili baadaye Bilan alimpigia simu ya video. Kimeu alikuwa kwenye kona ya duka langu, kwa sababu mtandao wangu ni mzuri kuliko wa nyumbani, na mimi nilikuwa nikihesabu mabati kwa sauti ya chini ili nisikie.

"Kimeu," Bilan akasema, "nimeweka askari wako kwa mlima. Ana bunduki kubwa, ana mzigo wa kilo thelathini. Amepanda kwa saa tatu. Amefika juu kama mtu ametoka kanisani."

Kimeu akasema vipimo ni vya kweli, amevichukua yeye mwenyewe, watu wa huku ni wagumu.

"Umenitengenezea mbuzi," Bilan akasema, bila ukali. "Na mimi mzee wangu anauza mbuzi, kwa hivyo nakwambia kitu najua. Hata mbuzi huchoka. Umebakisha wiki nne."

Simu ilipokatika, Kimeu alikaa akiangalia kioo cheusi. Mimi nilicheka mpaka nikashika gunia la simenti. Nakiri haikuwa vizuri.

"Sasa unacheka nini?" akaniuliza.

"Wewe umeuliza watu wa mwethya kama wamechoka. Mbele ya Kalunde. Shambani kwa Kalunde."

Hakuelewa. Alikuwa amekaa shule ya bweni, halafu chuo, halafu Nairobi; hajawahi kushika zamu hata moja. Ikabidi nimfundishe jambo ambalo sikuwahi kufundishwa mimi, kwa sababu sisi wengine tulilijua tu. Ukisema umechoka kwenye shamba la Kalunde, umemwambia Kalunde kwamba shamba lake ni kubwa, kwamba matuta yake ni mzigo, na kwamba yeye mjane amewaita watu kuwatesa. Ataona aibu. Na zamu yako ikifika, kila mtu atakumbuka. Kwa hivyo neno hilo halisemwi mtaroni. Mimi mwenyewe siku nisizotaka kuchimba sisemi nimechoka; natuma kilo mbili za sukari ya chai ya kazini, na hiyo inakubalika. Nimetuma sukari nyingi maishani mwangu.

"Basi mtu akichoka kweli hufanya nini?" Kimeu akauliza.

Nilisogeza kiti karibu na laptopu. Nikamwambia, "Hebu washa zile sauti."

Tulizisikiliza siku nne, mchana, kati ya mteja na mteja. Tulianza na Jumamosi ya kwanza. Sauti ya mama ikaita, *Udongo huu ni wa nani?* na watu wanane wakaitikia, *Wetu!* na majembe yakaanguka. Mambo yalikwenda hivyo saa nzima. Saa ya pili Kimeu alisimamisha, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. "Kaloki hayupo," akasema. Kweli, jembe la Kaloki lilisikika, zito kuliko mengine, lakini sauti yake haikuwepo kwenye kiitikio. Aliacha kuitikia mara tatu, nne, kisha akarudi. Dakika kumi baadaye akanyamaza Kalunde. Mtu akichoka huacha kwanza kuitikia, kwa sababu mkono unaonekana na watu lakini sauti moja kati ya nane haionekani. Anaiba pumzi pale. Kimeu akachukua daftari jipya.

Halafu tukasikia kitu kingine. Kila kiitikio kilipopungua, mama alipunguza mwendo. Kidogo sana, huwezi kugundua ukiwa mtaroni. Wimbo ulilegea, majembe yakalegea nao, mpaka sauti zikajaa tena. Alikuwa akiwasikiliza wote huku akiimba na kuchimba. Yeye ndiye aliyekuwa mstari wa kijani wa kundi zima, na hakuna aliyemwambia asante kwa sababu hakuna aliyejua.

"Na yeye?" Kimeu akauliza. "Yeye anaiba wapi? Ngui hawezi kunyamaza."

Hilo lilituchukua siku mbili zaidi, na niliyeligundua ni mimi, nikimpimia mtu nyaya. Mama ana mchezo wake anaojulikana nao: katikati ya wimbo huacha maneno na kumtania mtu. *Kaloki alinunua viatu, kimoja kikaenda mjini Malili bila yeye.* Watu wanaangua kicheko, majembe yanasimama, mtu anapangusa jasho, kisha wimbo unaendelea. Tunampenda kwa hayo. Watu wanasema mwethya wa Nduku hauchoshi. Sasa, nikiwa na nyaya mkononi, nilisikia nyuma ya kile kicheko sauti ya mtu anayevuta pumzi kutoka chini kabisa, mara mbili, mara tatu. Kila mtu alikuwa akicheka isipokuwa yeye.

Kimeu alihesabu. Saa ya kwanza mama alitania mara mbili. Saa ya pili mara tano. Saa ya tatu alitania mara kumi na moja, na Jumamosi ile ya mwisho, mara kumi na saba.

Mteja wangu alilipa akaondoka na sikumbuki kama nilimrudishia chenji sawasawa. Nilikuwa nikikumbuka siku tuliyomzika baba, jinsi mama alivyotutania sisi na shangazi zetu jikoni mpaka tukalia kwa kicheko. Nilikumbuka mwaka wa njaa, alipotutania kila jioni juu ya sufuria yenye uji mwepesi. Maisha yangu yote nimekuwa nikiwaambia watu kwamba mama yangu ni mtu wa furaha. Ni kweli, ni mtu wa furaha. Lakini nilihuzunika sana pale nyuma ya kaunta, na nikaona aibu kwa zile kilo zote za sukari.

Kimeu alirudisha vipimo vya saa alivyovifuta. Bahati nzuri alikuwa na nakala. Vilikubaliana na nyimbo karibu dakika kwa dakika. Alifanya kazi wiki mbili bila kunyoa. Aliutoa mstari wa kijani, akauondoa kabisa kwenye gemu. Badala yake askari sita walitembea wakijibizana kwenye redio. Kiongozi akiita, wanaitikia. Askari mwenye nguvu anajibu, "Nakusikia, niko nyuma yako." Akianza kuchoka anajibu, "Nakusikia." Baadaye anajibu, "Sawa." Baadaye hajibu, na ukigeuka unamwona bado anatembea, mkono wake uko kazini, lakini risasi yake haitagonga chochote. Na kiongozi anapochoka yeye huanza mizaha. Mizaha yenyewe ilikuwa ya mama, Kimeu aliiandika upya, hata ile ya kiatu imo.

Aliweka pia kitufe kimoja. Ukikibonyeza, askari wako anasema, "Nimechoka," na kikosi chote kinakaa chini pamoja, uchovu unashuka kwa wote.

Bilan aliwapa watu kumi wacheze kwa wiki moja. Aliyesimamia majaribio aliitwa Ridwan, na yeye ndiye aliyepiga simu na matokeo. Alisema watu wameipenda, wanazungumza kwa sauti ya chini wakicheza, wanasikilizana. "Lakini iko kitu funny, bro," akasema. "Ile button ya kuchoka. Hakuna mtu anaibonyeza juu yake mwenyewe. Wanaona aibu, na ni gemu tu. Wanaibonyeza wakisikia mwenzao amenyamaza. Yaani mtu mzima ako na nguvu, anasema amechoka, ndio yule mwingine akae."

"Na huku ni hivyo," Kimeu akasema. Kisha akaniangalia, nami nikajifanya natafuta bei ya kufuli.

Bilan alimwajiri siku ya Ijumaa. Aliandika ujumbe mfupi: *Sasa hao ni watu.* Nilifunga duka mapema, nikanunua nyama, tukala kwa mama. Baada ya chakula Kimeu aliweka laptopu mezani amwonyeshe. Mama hajui kucheza, hakushika chochote, alikaa tu akisikiliza wanajeshi wakipanda. Baada ya dakika chache akanyoosha kidole. "Huyu wa nyuma amechoka. Mwambie akae." Hakukuwa na mstari, hakukuwa na alama yoyote. Kimeu alifurahi kiasi kwamba alisahau chai.

Baadaye kidogo kiongozi akatoa mzaha wa kiatu. Mama hakucheka.

Kimeu akaona nafasi yake imefika. Akafungua daftari, akamweleza taratibu: mbili, tano, kumi na moja, kumi na saba. Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo umekaa Nairobi miaka tisa," akasema, "ukasoma, ukanunua kompyuta, ndio uje uhesabu vichekesho vya mama yako. Kaloki akisikia atataka chake kirudishwe."

Tukacheka, tungefanya nini? Lakini tulitazamana na ndugu yangu juu ya kichwa chake, na najua sote wawili tulihesabu kumi na nane.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, bado shambani kwa Kalunde, tuta la mwisho lililo juu kabisa. Sikutuma sukari. Nilimwachia duka msichana anayenisaidia, nikatoa jembe lililokaa stoo mpaka mpini ukalegea, nikaenda. Watu walinipokea kama mgeni wa serikali. Kaloki aliuliza kama bei ya sukari imepanda.

Mama aliita, tukaitikia. Nimekuwa mtu wa kaunta miaka kumi na mitano. Kabla ya nusu saa mgongo wangu ulikuwa umefungua kesi. Lakini nilichimba. Kimeu alikuwa upande wa pili wa mama, bila saa, bila daftari, anachimba vibaya kama mimi. Saa ya kwanza mama alinitania mara moja, juu ya viganja vyangu. Saa ya pili akamtania Kalunde, kisha Kimeu, kisha Kaloki. Nilianza kusikiliza nyuma ya kicheko. Ile pumzi ilikuwepo. Akaimba mistari miwili tu, akamtania Kaloki tena. Mstari mmoja, akanigeukia mimi.

Nikatupa jembe chini.

"Mimi nimechoka," nikasema.

Majembe yote yakasimama. Nilisema kwa sauti ya kutosha kufika mwisho wa mtaro, na kwa Kikamba, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Kalunde alinitazama kama nimevua nguo. Nilihisi uso wote unawaka, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwenye duka, mbele ya majirani. "Kalunde, nisamehe," nikasema. "Shamba lako halina makosa. Ni mimi niliyeharibika na kiti. Nimechoka, na siwezi kukaa peke yangu kama mgonjwa. Kaeni na mimi kidogo."

Mama alifungua mdomo. Niliona mzaha unakuja, niliuona kabisa ukipanda. Lakini Kaloki alikuwa amekwisha kukaa. Sijui alikaa saa ngapi; nilipogeuka alikuwa chini kwenye ukingo wa tuta, miguu imenyooka, akitoa sauti ya mzee aliyesubiri ruhusa hiyo tangu uhuru. Kisha Kimeu akakaa. Kisha watu wote, mmoja baada ya mwingine, haraka kuliko walivyowahi kuitikia wimbo wowote. Kalunde alibaki amesimama kidogo, akitazama shamba lake limejaa watu waliokaa, halafu naye akakaa, akaagiza muthokoi, yale mahindi ya kukoboa na maharagwe, uletwe hata kama haujaiva vizuri.

Akabaki mama. Alisimama na jembe lake, akatutazama wote.

"Basi," akasema, "kwa ajili ya huyu."

Akashuka, akakaa kando yangu, bega lake kwenye bega langu. Ukungu ulikuwa umeondoka na matuta yote yalionekana mpaka chini. Nilingoja anitanie. Nilijua nimempa vya kutosha: jembe, viganja, sukari, kiti. Nilingoja mpaka muthokoi ukafika, ukapakuliwa, ukaliwa, na mama hakumtania mtu; alikuwa akipumua tu, waziwazi.